Jikaze Mpaka Wapi?

Chuma kikikatika hakilii kama kwenye filamu. Hakuna mlio mrefu wa kunung'unika kwanza. Kinapiga mara moja tu, pa!, kama risasi, na siku ya kwanza niliposikia nilijikuta chini ya meza kabla sijajua nimefikaje huko. Mzee wa mashine alicheka mpaka akavua miwani. "Kijana, toka huko. Hiyo ni nondo, si polisi."

Nilikuwa mwaka wa pili wa diploma, niko atachimenti kwenye maabara moja ya kupima vifaa vya ujenzi hapa Nairobi. Kazi yangu ilikuwa ndogo. Nilipokea vipande vya nondo vilivyoletwa na makontrakta, nikavikata urefu unaotakiwa, nikapima unene, nikaandika namba kwa choki, nikampa Mzee. Yeye alikibana kila kipande juu na chini kwenye meno ya mashine, akabonyeza kitufe, na mashine ikaanza kuvuta. Polepole, bila haraka yoyote. Kwenye skrini kulikuwa na mstari unaopanda.

Mstari huo nataka nikueleze, kwa sababu tangu siku hizo sijaweza kusikia mtu akisifiwa kwamba ana nguvu bila kuuona machoni pangu.

Mwanzo wake umenyooka kama rula. Unavuta kidogo, chuma kinarefuka kidogo sana, jicho halioni. Ukiachilia, kinarudi kilivyokuwa. Kisha mstari unafika mahali unapinda. Kwa nondo ya milimita 12 ya daraja la 500, mahali hapo ni kama kuning'iniza uzito wa kilo 5,700 hivi. Hebu fikiria: kitu chenye unene wa kidole, na ndovu dume mzima ananing'inia chini yake. Hapo ndipo kitu kinabadilika ndani ya chuma. Hakijakatika. Ukikitazama utasema kiko sawa. Lakini ukiachilia sasa, hakirudi tena. Kimebaki kirefu kuliko kilivyokuja. Ukiendelea kuvuta, nacho kinaendelea kubeba, tena kinabeba zaidi ya mwanzo, mpaka kileleni. Halafu sehemu moja inaanza kuwa nyembamba, inafanya kama shingo, mstari unaanza kushuka, na hapo ndipo pa!

Mzee alipenda kunishikisha ncha iliyokatika. Ilikuwa na joto, kama kikombe cha chai kilichosahaulika mezani. "Kazi yote iliyoingia mle lazima itokee mahali," alisema.

Siku moja nilimuuliza kipande kikishapimwa na nguvu yake ikajulikana, kinaenda wapi. Alinionyesha pipa kwenye kona. "Ukitaka kujua kweli chuma kinaweza kubeba kiasi gani, ni lazima ukiue. Hakuna njia nyingine. Kwa hivyo tunaua kimoja, ili wenzake walioko kwenye jengo wasivutwe kufika hapo."

Nairobi tunajua majengo yakianguka inakuwaje. Aprili 2016, usiku wa mvua, ghorofa moja liliporomoka Huruma na watu takriban 50 wakafa. Kwa hivyo sikuona ukatili wowote katika pipa lile. Niliona ni haki kabisa kuvunja kimoja ili wengi walale salama. Sikuwa nimefikiria bado kwamba nyumbani kwetu pia tulikuwa na kipande kwenye mashine, na kwamba mkono mmoja kwenye kitufe ulikuwa wangu.

*

Sisi tuko wanne na dadangu ndiye kifungua mimba. Kwetu ni Mwatate, Taita Taveta. Baba alifariki dada akiwa kidato cha nne. Alimaliza mtihani, akapanda basi kuja Nairobi, na ndani ya miezi michache alikuwa anashika vitabu vya hesabu kwenye duka la jumla pale Nyamakima. Tangu hapo, karo ya watu watatu ilitoka kwake. Matibabu ya Mama yalitoka kwake. Bati la jikoni lilipong'olewa na upepo, pesa ya bati ilitoka kwake. Kodi ya keja yangu ya chuo, nusu ilitoka kwake, na ile nusu nyingine, manze, mara nyingi pia.

Tulimwita nguzo. Mjomba alilisema hilo neno kila mkutano wa familia: huyu binti ndiye nguzo. Mama alilisema kanisani. Mimi nililiandika kwenye kadi ya siku yake ya kuzaliwa, tena kwa herufi kubwa, nikaongeza kopa mbili.

Sasa sikiliza jambo ambalo kila mwanafunzi wa ujenzi hufundishwa mwanzo kabisa. Nguzo ya zege ina nguvu ya ajabu ikikandamizwa. Iwekee mzigo juu, itabeba, ongeza mwingine, itabeba. Lakini ishike ncha mbili uivute, na utashangaa. Uwezo wa zege kustahimili kuvutwa ni kama sehemu moja tu ya kumi ya uwezo wake wa kustahimili kukandamizwa. Ndiyo maana tunaweka nondo ndani yake: zege ibebe kinachokandamiza, chuma kishike kinachovuta. Ukimsikia mtu akisema tu "hiki kitu kina nguvu," mhandisi atamuuliza: nguvu ya kufanya nini? Kuelekea upande gani?

Sisi hatukuuliza. Tulimwita nguzo, halafu tukamvuta.

Na kuvutwa si sawa na kubeba. Mzigo unaobeba unakaa juu yako, unaujua uzito wake, unaweza hata kujivunia. Kuvutwa kunahitaji pande mbili. Mama alitaka tangi la maji, na Mama alikuwa na haki, kwa sababu goti lake halikuwa linapanda tena kutoka bombani. Ndugu yetu mdogo alitaka karo, na hakuchagua kuzaliwa wa mwisho. Mimi nilitaka kodi. Upande wa pili kulikuwa na mwanamume aliyemsubiri wapange harusi, wakaweke pesa pamoja, naye pia alikuwa na haki; alisubiri miaka mitatu. Kulikuwa na masomo ya CPA aliyoanza akaacha, akaanza, akaacha. Ukiangalia vizuri hapakuwa na mtu mbaya katika hadithi hii. Kila mkono uliovuta ulikuwa na sababu nzuri. Hiyo ndiyo inafanya kuvutwa kuwe kugumu kukataa: dhulma utaipinga, lakini utapingaje maombi manne yenye haki kwa siku moja?

*

Desemba hiyo tulikutana wote nyumbani. Mjomba mwingine alikuwa hospitalini na bili ilikuwa imepanda. Tuliketi chini ya mwembe, wazee kwenye viti, vijana kwenye mkeka. Likafika lile suala la nani atoe nini. Watu wakataja thao moja, thao mbili, mia tano. Halafu kukawa kimya, na vichwa vyote, bila mtu kupanga, vikamgeukia yeye. Nami pia niligeuka.

Akasema, "Mimi sina."

Basi. Hakulia, hakueleza, hakuomba msamaha. Mjomba alidhani hakusikia vizuri. "Mwanangu, hata kidogo?" Akarudia, "Sina, Mjomba." Akainuka, akaingia jikoni kusaidia kuosha vyombo.

Ungedhani ametukana mtu. Jioni yote ilikuwa minong'ono. Amebadilika. Nairobi imemharibu. Ni yule mwanamume anamshauri vibaya. Na mimi, niliyekuwa nimekaa miezi mitatu nikichora ule mstari kwenye daftari, niliyejua kwa desimali mbili ni wapi chuma huacha kurudi, nilikasirika kuliko wote. Nilifikiria kodi ya Januari. Nilimfuata jikoni nikamwambia, namnukuu mjinga mimi mwenyewe, "Siz, si ungejikaza tu kidogo?"

Hakunijibu. Aliendelea kusugua sufuria kwa kile kipande cha mwisho cha sabuni, chembamba mpaka unaona kidole upande wa pili.

Hapa Kenya tuna ule msemo wa utani, jikaze kisabuni. Tunaambiana mtihani ukifeli, mpenzi akitoka, kazi ikiisha. Tunacheka tukiusema. Lakini kisabuni kinajikaza vipi? Kinajikaza kwa kuisha. Kila anayekishika anaondoka na mikono safi, na chenyewe kinabaki kidogo kuliko jana.

*

Februari nilienda kwake Umoja kuchukua shuka. Sikuwa nimefika kwa miezi mingi. Kwa kawaida tuliongea kwa simu, na kwa kawaida mimi ndiye niliyekuwa na jambo. Nikakuta friji haipo. Runinga haipo. Yule mwanamume pia hakuwepo tena, na kuhusu huyo hatukuongea. Simu yake ilikuwa mezani ikiita namba asizozijua, akizitazama mpaka zinyamaze. Alikuwa amekopa kwenye programu moja ya mkopo ili alipe ya pili, ya pili ili alipe ya tatu. Ile bili ya Mjomba, kumbe alikuwa ameilipa sehemu Novemba, kabla ya mkutano, kwa sababu shangazi alimpigia kivyake na kumwomba asiseme.

Nilimuuliza kwa nini hakutuambia. Alifikiria kwanza. Kisha akasema, si kwa hasira, kama mtu anayesoma hesabu: "Nikisema niko sawa, mnaomba. Nikisema siko sawa, mnaniambia jikaze. Sasa nilitakiwa nijibu nini?"

Nilikaa. Nilikuwa na jibu la kihandisi tu, na halikuwa la kusema pale. Nitalisema hapa.

Kuna vitu viwili vinavyoweza kuwa na nguvu sawa na bado mmoja uuamini maisha yako na mwingine usiuamini. Kioo, kwa mfano. Uzi mwembamba sana wa kioo kipya unaweza kuvutwa kuliko nondo yoyote niliyowahi kuibana. Mhandisi Mwingereza, A. A. Griffith, alionyesha mwanzoni mwa miaka ya 1920 kwamba kioo cha kawaida ni dhaifu kwa sababu kina nyufa ndogondogo zisizoonekana. Ukikivuta, nguvu yote inakusanyika kwenye ncha ya ufa, na ufa unakimbia. Kinachotisha zaidi kuhusu kioo si udhaifu huo. Ni kwamba hakikuambii. Kiko sawa, kiko sawa, kiko sawa, kimepasuka.

Chuma kizuri hakifanyi hivyo. Kikizidiwa kinarefuka, kinajipinda, kinafanya shingo. Boriti inalegea, plasta inapasuka, mlango unakataa kufunga, na watu wanapata nafasi ya kutoka nje. Ndiyo sababu kwenye karatasi yetu ya maabara kulikuwa na sehemu mbili za kujaza. Moja ni kipande kilibeba kiasi gani. Ya pili ni kilirefuka kiasi gani kabla ya kukatika. Nondo ingeweza kuwa na nguvu tele kwenye sehemu ya kwanza na tukaikataa kwa sababu ya sehemu ya pili. Chuma kinachobeba sana lakini hakitoi ishara hatukukitaka ndani ya nyumba ya watu.

Sasa angalia tunavyolea watu. Mtoto wa kwanza akilia tunamwambia wewe ni mkubwa. Mwanamume akilalamika tunamwambia kuwa mwanamume. Mama akichoka tunamwimbia jinsi mama hachoki. Kila ishara ya kuzidiwa tunaipa jina baya: ulegevu, kudeka, kutojituma. Na kila anayeficha ishara hiyo tunampa sifa. Tunachukua watu waliozaliwa chuma na kuwafundisha kuwa kioo. Halafu siku wanapopasuka chini ya mwembe, kwa neno moja, "sina," tunaulizana kwa mshangao wa kweli: mbona hakusema?

Wahenga walituachia kwamba kamba hukatikia pabovu. Ni kweli, nimeona kwa macho. Lakini naogopa jinsi tunavyoutumia msemo huo, kama vile kesi imekwisha: tumepata mahali pabovu, kosa ni la kamba. Mtu anayevuta hayumo kwenye msemo huo, wala haulizi pabovu palifanywa na nini.

*

Najua utanipinga, na nimejipinga mwenyewe kabla yako.

Utasema: hakuna mtu aliyemwomba kitu kikubwa. Ni kweli. Elfu tatu hapa, mia nane pale. Hakuna ombi hata moja lililokaribia kumvunja. Lakini katika karne ya 19 Mjerumani mmoja wa mambo ya reli, August Wöhler, alisumbuliwa na ekseli za treni zilizokuwa zikikatika ilhali mzigo wake ulikuwa mdogo kuliko uwezo wake. Akaonyesha kwamba chuma kinaweza kukatwa na mzigo mdogo tu, ukirudiwa mara nyingi vya kutosha. Jambo hilo lina jina ambalo sikulitunga mimi: uchovu wa metali. Mwaka 1954 ndege mbili za abiria aina ya Comet, zilizoundwa Uingereza, zilisambaratika angani juu ya Mediterania, Januari na tena Aprili. Wachunguzi walichukua mwili wa ndege nyingine ya aina hiyo, wakauweka ndani ya tangi kubwa la maji, wakawa wanaujaza shinikizo na kuliachilia, wanalijaza na kuliachilia, kama safari moja baada ya nyingine, mpaka ukachanika. Hakuna safari moja iliyozidi. Ni kwamba kila safari iliacha alama yake ndogo, na hakuna aliyekuwa akizihesabu pamoja. Nyumbani kwetu pia kila mmoja alihesabu maombi yake mwenyewe.

Utasema: lakini taabu humkomaza mtu. Hili nalichukulia kwa uzito, maana chuma chenyewe kinakubaliana nawe nusu. Nondo ikivutwa kupita pale panapopinda mstari, kisha ikaachiliwa, ukiivuta tena utaikuta ngumu zaidi. Itachelewa kupinda kuliko mara ya kwanza. Ukiishia hapo utasema mateso ni shule. Ila ipime mpaka mwisho na utaona ile sehemu ya pili ya karatasi: kurefuka kulikobaki ndani yake kumepungua. Imekuwa ngumu kwa kutumia akiba yake ya kuonya. Dadangu leo ni mgumu, kweli. Mwenye programu ya mkopo akimtishia anamjibu kwa utulivu unaonitisha. Lakini zamani alikuwa akicheka mpaka anashika ukuta, na hicho kicheko sijakisikia tangu ile Desemba. Sitaki kuambiwa kwamba amekomaa bila mtu kuandika pia kilichopungua.

Na utasema, hili ndilo zito kuliko yote: basi tusivutane? Kila mtu abebe lake? Hapana. Kamba isiyoshika kitu chochote ni uchafu tu wa stoo. Dada mwenyewe aliniambia siku ile Umoja kwamba hakujuta hata shilingi ya karo yangu. Kushikwa na watu ni sehemu ya kuwa mtu. Swali langu si kama tuvutane. Ni nani anayepaswa kujua kikomo kiko wapi.

Panda lifti yoyote mjini, utaona kibao: watu 8, kilo 630. Kamba za chuma zinazokushika zimesanifiwa kubeba mara kumi hivi ya mzigo wake. Mhandisi anajua. Mwenye jengo anajua. Na bado hakuna anayesema, kwa kuwa kamba hizi zina nguvu, tuingie watu 80. Nguvu yote ile ya ziada haikuwekwa ili itumiwe. Imewekwa kwa ajili ya siku ya kutu, siku ya kusimama ghafla, siku ya kosa la mtu. Tena hatukungojea kamba iseme. Kibao kiliandikwa na wale wanaoitumia.

Hilo ndilo nililokuja kuamini. Kujua kwamba mtu ana nguvu hakukupi kibali cha kumvuta mpaka mwisho wa nguvu hizo. Kunakupa kazi: ya kuandika kibao mapema, kilo 630, na kukiheshimu hata siku una haraka. Na kikomo cha kweli cha mtu hakina haja ya kujulikana kabisa. Ile njia ya kukijua niliiona, na mwisho wake ni pipa kwenye kona. Kwenye nondo tunaua kipande kimoja ili wengine wapone, lakini dada sina wa pili wa kumpima.

*

Mwatate mashamba ya makonge yanaenda mpaka macho yachoke. Nyanya yetu alikuwa akisokota nyuzi za katani kwenye paja, akiongeza uzi mpya kabla wa zamani haujaisha. Uzi mmoja wa katani hauzidi sana urefu wa mkono wa mtu. Sasa kamba ya mita mia inatoka wapi? Galileo aliliweka swali kama hilo kwenye kitabu alichotoa mwaka 1638, akiwa mzee, amefungiwa nyumbani kwake: nyuzi fupi hivyo zinawezaje kufanya kamba ndefu yenye nguvu hivyo? Jibu ni lile lile ambalo Nyanya alilifanya bila kitabu. Ni msokoto. Nyuzi zilizosokotwa, kamba ikivutwa, zinabanana. Hakuna uzi mmoja unaotoka ncha hadi ncha. Kila mmoja unashika kidogo, unampokeza jirani. Ukitoa msokoto, nyuzi zile zile zitateleza na kuachana, labda ubaki mmoja uliokwama, nao ndio utavutwa peke yake.

Pasaka tulikaa tena chini ya mwembe. Safari hii nilikuja na karatasi. Niliandika kila kilichotoka kwa dada kwa mwaka mmoja, vile nilivyoweza kukusanya, nikakijumlisha, nikasoma kwa sauti. Mjomba aliomba nirudie ile jumla. Mama alitazama chini. Tulikubaliana mambo ya kawaida kabisa: matumizi ya Mama yagawanywe kwa watatu tuliobaki, bili za hospitali ziende kwa mfuko wa ukoo ambao kila nyumba inachangia, na kwa miezi sita dada asiombwe chochote, na yeyote. Nilianza kazi za vibarua wikendi kwenye saiti moja Syokimau ili nifikishe fungu langu. Si hadithi tamu. Mwezi wa pili nilichelewa, mwezi wa tatu shangazi alijaribu kumpigia kivyake tena.

Mwezi huo huo wa tatu dada alimtumia Mama mia tano kimyakimya. Mama alimrudishia. Nadhani hilo ndilo jambo gumu kuliko yote aliyowahi kumfanyia.

Siku hizi nampigia Jumapili jioni. Namuuliza, "Siz, uko aje?" na sina ombi nyuma ya swali. Bado ananyamaza kidogo kabla ya kujibu. Najua anachosubiri: anasubiri nimalize, niseme kilichonileta. Nami nanyamaza pia, simu iko sikioni, mpaka aone kwamba nimemaliza.